Daftari la Klorini: Funzo la Walkerton kwa Miji Yetu Midogo



Nimeombwa nizungumzie usalama wa maji ya bomba katika miji midogo. Nitawapeleka kwanza Walkerton, mji wa watu wasiofika elfu tano katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mei 2000 maji ya bomba ya mji huo yaliua watu 7, na wengine zaidi ya 2,300 wakaugua. Serikali ya jimbo iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Dennis O'Connor, na tume hiyo ikasikiliza mashahidi 114, kuanzia mafundi wa pampu hadi waziri mkuu wa jimbo mwenyewe. Ni nadra msiba wa maji kuandikwa saa kwa saa namna hiyo. Mara nyingi, hata kwetu, tunazika, tunamshukuru Mungu kwa waliopona, na hatujui kamwe uchafu ulipitia mlango gani. Mlango uliofunguka Walkerton unajulikana, na ndiyo maana nimeuchagua mji huo.

Neno langu ni moja, nami nalitaja mapema. Kinachomlinda mnywaji wa maji ya bomba ni kipimo kilichochukuliwa kweli, kikaandikwa kweli, na kikawafikia wote wanaohusika siku hiyohiyo. Pampu, dawa, maabara na sheria ni vya lazima, lakini vyote vinasimama juu ya daftari la kila siku. Daftari likisema uongo, hakuna kati ya hivyo kitakachotuokoa.

Kisima namba 5

Walkerton ilitegemea visima vitatu. Kimojawapo, kisima namba 5, kilichimbwa mwaka 1978 jirani na shamba la mifugo. Kilikuwa kifupi. Maji yake yaliingia katika kina cha kati ya mita 5 na 8 tu, kupitia mwamba wenye nyufa, na udongo uliofunika mwamba huo ulikuwa mwembamba. Tangu majaribio ya mwanzo dalili zilionekana: pampu ikiwashwa, chemchemi za jirani zilipungua, na bakteria walipatikana kwenye sampuli. Hiyo ilikuwa na maana kwamba maji ya juu ya ardhi yalikuwa na njia ya kushuka hadi kisimani, na chochote kilichoachwa juu, mbolea au kinyesi, kingeweza kushuka nayo. Kisima kiliruhusiwa hata hivyo, bila sharti la kuwekewa mtambo wa kupima klorini mfululizo. Mwongozo wa jimbo uliporekebishwa mwaka 1994 na kudai mitambo hiyo kwa visima vya aina ile, hakuna mtu katika wizara ya mazingira ya jimbo aliyerudi kufungua faili la kisima namba 5.

Ulinzi uliobaki ulikuwa klorini, ambayo sisi tunaiita dawa ya maji. Dawa ikitiwa majini, sehemu yake huliwa na uchafu na vijidudu inavyovishambulia. Inayosalia baada ya kazi hiyo ndiyo mabaki ya klorini, na hayo ndiyo yanayoandamana na maji ndani ya bomba hadi nyumbani. Mabaki yakiwepo, tunajua kwamba dawa ilitosha. Yakikosekana, ama dawa haikutiwa, ama uchafu ulikuwa mwingi kuliko dawa. Kwa vyovyote vile, fundi anapaswa kuchukua hatua mara moja. Shirika la Afya Duniani linataka mabaki yasipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Walkerton ilitakiwa kuwa na 0.5 baada ya dawa kukaa na maji kwa dakika 15.

Mafundi waliopo hapa wanakijua kipimo chenyewe, lakini acheni nikieleze kwa wasiowahi kukiona. Unachukua kichupa cha kioo, unakijaza maji hadi kwenye mstari, unatumbukiza kidonge kidogo, unafunga na kutikisa. Maji yenye dawa yanageuka rangi ya waridi mbele ya macho yako, na kadiri dawa ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Unalinganisha rangi hiyo na ile ya kadi, unasoma namba, unaiandika pamoja na tarehe, saa na jina lako. Maji yasiyo na dawa hayageuki rangi. Kazi yote ni ya dakika chache. Kipimo cha bakteria cha maabara hakiwezi kushindana nacho kwa wepesi, kwa sababu lazima vijidudu viachwe vikue kwa muda wa karibu siku nzima kabla ya kuhesabiwa.

Wahudumu wa Walkerton walikuwa na kifaa hicho, na walitakiwa kukitumia kila siku. Tume iligundua kwamba kwa miaka mingi, siku nyingi hawakupima kabisa. Waliandika tu: 0.5, au 0.75. Namba hizo mbili zilijaa kurasa za madaftari, majira ya baridi na majira ya joto, kisima kikiwa safi au kikiwa na tope. Mtu mwenye uzoefu wa maji akiona ukurasa wa namna hiyo hana budi kushtuka, kwa kuwa maji ya kweli hupanda na kushuka. Wahudumu haohao walizoea kutia dawa pungufu. Baadhi ya wakazi walilalamikia ladha yake, na wahudumu wenyewe waliyaamini mno maji ya visima vyao, hata wakawa wanayanywa kabla hayajatiwa dawa.

Mvua ya siku tano

Kati ya tarehe 8 na 12 Mei 2000, mvua ya milimita 134 ilinyesha Walkerton. Wiki chache kabla ya hapo samadi ilikuwa imemwagwa kwenye shamba la jirani na kisima namba 5. Mwenye shamba alifuata taratibu nzuri za kilimo, na tume haikumlaumu. Ndani ya samadi hiyo mlikuwa na bakteria wa aina ya E. coli O157:H7, ambao hukaa tumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru. Kwa binadamu huleta kuhara damu. Kwa watoto wadogo na wazee sumu yao inaweza kuharibu chembe za damu na kuzima figo.

Maji ya mvua yaliwabeba hadi kisimani, yamkini tarehe 12 Mei au muda mfupi baadaye. Uchafu ulikuwa mwingi kuliko dawa, na dawa ikaisha. Kidonge kimoja ndani ya kichupa, asubuhi ya Jumamosi tarehe 13, kingeyaacha maji bila rangi, na kisima kingeweza kufungwa siku ileile. Hakuna aliyepima. Daftari la siku hiyo liliandikwa 0.75.

Jumatatu tarehe 15 sampuli zilipelekwa maabara ya binafsi. Jumatano tarehe 17 maabara ilimpigia simu meneja wa maji wa mji na kumtumia majibu: kuna E. coli. Mwaka 1996 jimbo lilikuwa limeacha kuwapimia wenye miji maji yao, likawaachia maabara za binafsi, bila kuweka sheria ya kuzilazimisha kutoa taarifa kwa wizara au kwa ofisi ya afya majibu yakiwa mabaya. Kwa hiyo habari iliyouhusu mji mzima ilitua kwa mtu mmoja, naye akaikalia.

Alhamisi tarehe 18 watoto wawili walilazwa katika hospitali ya Owen Sound, mji wa jirani, wakiharisha damu. Daktari wa watoto, Kristen Hallett, alitilia shaka, na Ijumaa tarehe 19 akaijulisha ofisi ya afya. Ofisi ikampigia simu meneja kumwuliza kama maji yana tatizo, akajibu kwamba maji ni mazuri. Siku hiyohiyo alianza kumwaga maji ya mabombani na kuongeza dawa kwa wingi, kimyakimya. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vilevile. Wazazi walioambiwa wawanyweshe watoto wao maji mengi kwa sababu ya kuhara waliyachota maji hayo katika koki ileile.

Jumapili tarehe 21, saa saba na nusu mchana, ofisi ya afya ikaacha kusubiri na kutangaza maji yachemshwe. Ilikuwa bado haina jibu lolote la maabara kuhusu maji yenyewe. Iliamua kwa kuangalia wagonjwa. Siku mbili baadaye sampuli zake yenyewe zilithibitisha, na meneja akayatoa majibu aliyokuwa nayo tangu tarehe 17. Mtu wa kwanza alikuwa ameshafariki tarehe 22.

Jaji O'Connor alipiga hesabu. Laiti meneja angesema ukweli tarehe 19, watu kati ya 300 na 400 wasingeugua. Laiti mabaki ya klorini yangepimwa kila siku, mlipuko ungekuwa mdogo sana kuliko ulivyokuwa. Laiti kisima namba 5 kingekuwa na mtambo wa kupima mfululizo, usingetokea. Watu 65 walilazwa hospitalini. Kati ya waliougua, 27 walipata ule ugonjwa wa figo, na wengi wao walikuwa watoto wadogo.

Hatia ilikuwa ya nani

Tunaposikia habari hii tunavutwa kusema: wale walikuwa watu wabaya, wafungwe, yaishe. Meneja na mhudumu mmoja walishitakiwa kweli, wakakiri, na mwaka 2004 wakahukumiwa, meneja kifungo cha mwaka mmoja jela, mwenzake kifungo cha nyumbani. Lakini tume haikuishia kwao, na sisi tusiishie hapo.

Wakaguzi wa wizara walifika Walkerton mwaka 1991, 1995 na 1998. Ukaguzi wa mwisho ulikuta mabaki ya klorini yako chini ya kiwango, na kumbukumbu zilionyesha E. coli ilikwisha kuonekana katika maji ya mji. Barua iliandikwa, lakini hakuna aliyerudi kuangalia kama kosa limesahihishwa. Bajeti ya wizara ilikuwa imekatwa na wafanyakazi wake wamepunguzwa. Wahudumu wenyewe walikuwa wamepewa vyeti kwa uzoefu tu, bila mtihani. Hawakujua ubaya wa bakteria wale, na hawakujua kwa nini namba ya klorini ilikuwa na uzito kuliko ladha ya maji. Bodi ya mji iliyowasimamia haikujua la kuwauliza.

Hayo yanatuhusu moja kwa moja. Uongo wa daftari uliweza kuishi miaka mingi kwa kuwa daftari halikusomwa na mtu mwingine yeyote. Lilijazwa na mtu mmoja, likafungwa kabatini, na siku mkaguzi akija, akageuza kurasa na kwenda zake.

Turudi kwetu

Ndugu zangu, sisi hatuna theluji ya Ontario, lakini nyufa za Walkerton tunazo, na tuna nyingine za kwetu.

Ya kwanza ni mgawo wa maji. Bomba lililojaa maji yenye msukumo huvujisha nje tu. Bomba lililokatiwa maji hupoteza msukumo, na palepale lilipokuwa linavuja nje ndipo linapofyonza maji ya ardhini kuingia ndani. Kama bomba limepita kwenye mtaro, au karibu na shimo la choo lililojaa, mnajua kinachoingia. Maji yanaweza kutoka kwenye tenki yakiwa salama na yakafika mtaa wa mwisho yakiwa na maradhi. Ndiyo sababu kupima kwenye tenki peke yake hakutoshi. Tupime kwenye koki ya mbali kuliko zote, na tupime maji yanaporudi baada ya mgawo.

Ya pili ni macho yetu. Tumezoea kuyapima maji kwa kuyaangalia na kuyaonja. Maji ya Walkerton hayakumwonya mtu kwa rangi wala kwa harufu. Na huku kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna vijiji na miji midogo inayopata maji maangavu kabisa yenye floridi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto huota na madoa ya kahawia, na floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Dawa ya klorini haiiondoi floridi. Kuchemsha nako hakuiondoi, kwa sababu mvuke hupaa na floridi hubaki palepale katika maji yaliyopungua. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko huko Meru, kimefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kwa hiyo daftari la mji lazima lijue hatari za chanzo chake: penye choo na mifugo, bakteria; penye miamba ya volkeno, floridi.

Ya tatu ni nani anayeambiwa. Tanzania ina Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuzitambua jumuiya za watumia maji. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa taarifa ya kila mwaka kuhusu mamlaka za maji, na wenzetu wa Kenya wanayo ya mdhibiti wao wa maji, WASREB. Ni kazi njema, nami naitetea. Lakini taarifa ya mwaka haiwezi kumwambia mama wa mtaa huu kama maji aliyokinga asubuhi ya leo yana dawa. Jambo hilo linajulikana hapahapa mjini, na fundi wetu, akipima, analijua kabla ya saa nne asubuhi.

Ninayoyaomba

Naomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa mji wa kiasi hiki.

Kwanza, namba ya kila siku iandikwe hadharani. Penye kizimba cha maji, penye ofisi ya mtaa, kuwe na ubao: tarehe, saa, koki iliyopimwa, mabaki ya klorini, jina la aliyepima. Siku ambayo hakikupimwa kitu, paandikwe hivyo hivyo, "hakikupimwa". Na mara moja kwa wiki mtu mwingine, mwalimu wa sayansi pamoja na wanafunzi wake au muuguzi wa zahanati, apime koki ileile na kuandika namba yake pembeni ya ile ya fundi. Namba za kubuni haziwezi kuishi muda mrefu kwenye ubao wa namna hiyo.

Pili, majibu ya maabara yaende njia mbili kwa wakati mmoja: kwa mwenye maji na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Na zahanati nayo ihesabiwe kuwa kipimo. Wagonjwa watatu wa kuhara damu kutoka mtaa mmoja katika wiki moja ni taarifa ya maji, na muuguzi anayeiona asisubiri mwisho wa mwezi kuijaza kwenye fomu.

Tatu, fundi anayeleta habari mbaya alindwe. Tukimkaripia kila anayeandika sifuri, tutamfundisha kuandika 0.5. Namba mbaya iliyoandikwa kweli ni kazi iliyofanywa vizuri, na bodi imshukuru mbele ya watu. Adhabu iwekwe kwa namba ya uongo. Na fundi huyo apewe mafunzo, vidonge vya kutosha na mshahara unaolipwa kwa wakati, kwani hatuwezi kumdai uaminifu wa kila siku mtu tunayemkumbuka siku maji yakikatika.

Nne, tangazo la hatari liwe limeandaliwa kabla ya hatari. Walkerton walitangaza redioni, na tume ikakuta kwamba siku ile ya kwanza ni karibu nusu tu ya wakazi waliopata habari. Sisi tuna misikiti, makanisa, magari ya matangazo, mabalozi wa nyumba kumi, makundi ya simu. Tukubaliane leo nani anampigia nani, na nani anakwenda kwa kikongwe asiye na simu.

Nasi watumiaji tuna wajibu wetu. Tuikubali harufu ndogo ya dawa majini kuwa ni dalili ya ulinzi, na tuache kumsumbua fundi aipunguze. Tulipe bili, maana vidonge hununuliwa kwa bili hizo. Maji ya kwanza baada ya mgawo tuyaache yapite, au tuyatumie kudekia. Ya kunywa tuyachemshe hadi yatokote, na tuyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, mkono usiingie ndani. Lakini mtu yeyote asitumie ushauri huu kuiondolea mamlaka mzigo wake. Mji unaomwambia kila mama achemshe maji maisha yake yote, kwa mkaa wa bei tunayoijua, umemhamishia yeye kazi ya mtambo.

Baada ya Walkerton, Jaji O'Connor alitoa mapendekezo 121. Ontario ikatunga sheria mpya ya maji ya kunywa mwaka 2002, na miaka miwili baadaye kituo cha kufundishia wahudumu wa maji kikaanzishwa Walkerton kwenyewe. Hayo yote yalikuja baada ya mazishi saba. Sisi tumeshapewa somo lenyewe, limeandikwa na kuthibitishwa, na gharama yake ililipwa na watu wengine. Itakuwa dhambi kusubiri tulilipie upya kwa watoto wetu.

Basi kesho, kamati ya maji ikikutana, ajenda ya kwanza iwe daftari. Lifunguliwe mezani, lisomwe kwa sauti, na kila mwananchi anayetaka kulisoma aruhusiwe. Fundi ndiye mwandishi wa namba ile, lakini mwenye haki nayo kuliko wote ni yule anayekunywa maji.